Unyoya wa Tatu: jinsi fumbo la upelelezi linavyojengwa juu ya ngano za kale

Riwaya ya vijana inayochanganya ngano na upelelezi hudai mambo mawili yanayovutana. Ngano humtaka msomaji akubali: ndege anasema, paa anamposea maskini binti wa Sultani, na hakuna anayeuliza imewezekanaje. Upelelezi humtaka akatae: kila kauli ipimwe, kila mlango uulizwe ufunguo wake anao nani. Wengi wanaojaribu aina hii ya kitabu hudhani kazi ngumu ni kubuni maajabu. Maajabu hayana taabu. Unguja na Pemba kila ukoo una bibi mwenye hazina yake. Taabu ni kwamba maajabu yakishaingia kitabuni, msomaji hana tena njia ya kujua kipi kimefanywa na mtu na kipi kimefanywa na maajabu. Akifa mtu ndani ya chumba kilichokomewa, na katika kitabu hichohicho yumo jini anayepita ukutani, hapo hakuna fumbo. Kuna jini tu.

Njia ya kutoka ni moja. Uchawi uingie kitabuni kama sheria kabla haujaingia kama tukio. Msomaji aelezwe mapema unaweza nini, hauwezi nini, na ukipita mahali unaacha alama gani. Kisha sheria hizo zisivunjwe hata mara moja hadi ukurasa wa mwisho.

Upelelezi uliomo ndani ya ngano

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu mwenye makao yake Unguja, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa hapa Zanzibar. Ukizisoma kwa jicho la mtu anayetafuta fumbo, unaona kuwa wasimulizi wetu walikuwa wakipeleleza kabla neno upelelezi halijapata riwaya zake.

Chukua kisa cha Sultani na mtende wake. Tende zinaliwa usiku, mlaji hajulikani. Watoto wakubwa wanapewa zamu ya kulinda, mmoja baada ya mwengine, na kila mmoja analala. Anakuja mdogo wa mwisho, yule anayeshinda jikoni na ambaye hakuna anayemhesabu. Anachukua nafaka iliyochanganywa na mchanga. Usingizi ukimjia anatia mdomoni, mchanga unakwaruza meno, anazinduka. Ndege anapotua, anamkamata, na asubuhi ana unyoya wa kumwonesha baba yake. Hapo pana wizi unaojirudia, saa ya wizi inayojulikana, walinzi walioshindwa kwa sababu inayoeleweka, mbinu, na kielelezo cha kupeleka mbele ya mwenye hukumu.

Kisa hichohicho kinaendelea hadi kwa Nunda mla watu. Paka wa Sultani anakula kuku, kisha wanyama, kisha watu, na Sultani anamkingia kifua hadi msiba unapomfika mwenyewe. Yule kijana anaingia porini kumtafuta. Anamuua mnyama, anamburura hadi nyumbani akiimba kuwa amemuua Nunda, na mama yake anamjibu: mwanangu, huyu siye. Anarudi tena: punda milia, twiga, kifaru, tembo, siye, siye. Mwishoni hategemei tena jibu la mama. Anazishika sifa alizopewa na kuzilinganisha moja moja na mnyama aliyelala mbele yake: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa kama ya ngawa, mkia mnene. Zikitimia zote, ndiye. Huko ni kuondoa washukiwa mmoja mmoja kwa vielelezo, na mwandishi wa leo anayetaka mifupa ya riwaya hana haja ya kwenda mbali.

Ngano za Ulaya nazo zina hazina hiyo. Katika kisa cha Ndevu za Buluu alichokichapisha Charles Perrault mwaka 1697, ufunguo uliochafuka kwa damu hausafishiki: doa likisuguliwa upande huu linatokea upande wa pili. Huo ni uchawi wenye sheria, na sheria yenyewe ndiyo inayotoa ushahidi. Katika mkusanyo wa ndugu Grimm wa mwaka 1812 yumo bibi harusi aliyejificha nyuma ya pipa akaona mchumba wake na genge lake wakiua mtu. Kidole chenye pete kikaruka na kumwangukia mapajani, akakiweka. Siku ya harusi, mbele ya wageni, anasimulia alichokiona kana kwamba ni ndoto, na mwisho wa ndoto anakitoa kidole. Kisa hiki kina faida ya pekee kwa mwandishi wa Kizanzibari, na tutakirudia.

Mkusanyo huohuo una kisa cha mfupa unaoimba: ndugu amemuua nduguye, mchungaji anachonga kipande cha mfupa kuwa cha kupulizia, na mfupa unamtaja muuaji kwa wimbo. Kama ngano, kinasisimua mwili. Kama mfano wa fumbo, ni sumu, kwa sababu maajabu yametoa jibu kamili na hakuna aliyefikiri. Kijana anayeandika akaishia kwa ndoto, ramli au jini anayemtaja mkosaji, ameandika kisa cha mfupa na kukiita upelelezi. Mfupa una manufaa ukiimba katika sura ya kwanza, ukasema ukweli nusu, na kitabu kizima kikawa kutafuta ile nusu nyingine.

Skuli mbili, na ya tatu

Zanzibar ina urithi mkubwa hapa. Muhammed Said Abdulla aliyempa Kiswahili mpelelezi wake mashuhuri, Bwana Msa, alikuwa Mzanzibari, na riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, hofu ya mzimu inatanda, na Bwana Msa anakataa kuishia kwenye mzimu: anamtafuta mtu. Imani ya watu ni pazia, na kazi ya akili ni kulifunua. Ulaya kulikuwa na mwelekeo huohuo. Mwaka 1929 padri Ronald Knox, naye mwandishi wa mafumbo, aliweka kanuni kumi za aina hii ya hadithi. Ya pili inaondoa nguvu zisizo za kawaida zote. Ya nane inamkataza mpelelezi kugundua dalili asiyooneshwa msomaji papo hapo.

Hiyo ni skuli ya kwanza: maajabu ni uongo, mtu ndiye. Skuli ya pili ni ile ya mfupa: maajabu ni kweli, na ndiyo yanayomaliza kesi. Riwaya tunayoizungumzia ni skuli ya tatu. Inaivunja kanuni ya pili ya Knox na kuishika ya nane kwa mikono miwili. Ndege yupo kweli. Lakini ndege ana desturi zake, msomaji anazijua, na jinai ya mtu inaonekana pale desturi za ndege zinapokosekana.

Sheria ngapi? Tatu zinatosha. Mbili hazitoi nafasi ya kuchanganyana, na zikifika tano msomaji anaanza kurudi nyuma kuzitafuta badala ya kusoma mbele. Kila sheria iwe na mpaka (lini au wapi), tendo (hufanya nini), na mabaki (huacha nini). Zote ziwe zimeshatajwa kabla ya theluthi ya kwanza ya kitabu kwisha. Msomaji aioneshwe kila moja mara mbili: mara ya kwanza mtu anaisema, mara ya pili inatendeka mbele ya macho yake bila mtu kuisema.

Tuijenge moja

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya makala. Mahali ni shamba la mikarafuu Pemba, upande wa magharibi penye vijito na mikoko. Mbegu yake ni ule mtende wa Sultani, ukapandikizwa na tawi la Grimm: katika simulizi yao ya Cinderella hakuna mama mlezi wa kichawi wala gari la boga, hayo ni ya Perrault, kuna mti uliomea juu ya kaburi la mama, na ndege mweupe juu yake anayemdondoshea yatima anachokihitaji. Mti wa mama na ndege wa usiku ni jamaa wa karibu, hawahitaji kulazimishwa.

Msichana wa miaka 15, yatima wa baba na mama, anaishi na bibi yake, ami yake anayesimamia shamba, na mke wa marehemu baba yake, yaani mama wa kambo. Kati ya mikarafuu yote, mmoja una siri: kwa usiku mmoja karafuu zote za tawi zima hutoweka. Sheria za ndege, kama bibi anavyozisimulia na kama binti anavyokuja kuziona, ni hizi. Huja usiku wa mwezi mpevu tu, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo. Hudonoa karafuu zenyewe na kuacha makonyo, yaani vijiti vya kichala, yakiwa matupu juu ya mti. Na kila akija huacha unyoya mmoja chini ya mti, haachi miwili wala haondoki bila kuacha.

Usiku wa 13 karafuu zinaliwa, unyoya unapatikana, bibi anauweka sandukuni. Asubuhi hiyohiyo karafuu mbichi zinakutwa ndani ya kapu la msichana, na yeye ndiye anayeshukiwa. Usiku wa 14 inatokea tena. Bibi anauokota unyoya wa pili, na ami anauomba akamwoneshe mwalimu wa madrasa. Kuna harusi jirani, bibi ana hina mbichi vidoleni. Usiku wa 15 karafuu za matawi manne zinatoweka kwa mpigo, unyoya upo chini, na kijiji kinasema ndege amezidisha njaa.

Msomaji ana vitu vitatu mkononi, kila kimoja cha namna yake, na hilo ni la makusudi. Cha kwanza kinaonekana: usiku wa 15 juu ya mti hakuna makonyo. Mchumaji wa kibinadamu huchuma kichala kizima na konyo lake, kisha hukaa chini kuchambua, ndege hachambui. Cha pili kinahesabika: ziara tatu, nyoya tatu. Wa kwanza uko kwa bibi, wa tatu umeokotwa, wa pili uko kwa ami. Lakini unyoya wa tatu una wekundu shinani, kama ulioshikwa na kidole chenye hina: ndio ule wa pili aliouokota bibi, umerudishwa chini ya mti. Cha tatu kina saa: ami anasema usiku wa 15 hakuwepo, alishuka na mtumbwi saa nne kwenda kuvua. Mwezi ukiwa mpevu bamvua linaingia, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Kwenye bamvua la visiwa hivi maji hujaa karibu na saa kumi na hupwa karibu na saa nne, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Saa nne ya usiku huo, ndani ya kijito cha mikoko, mtumbwi umekaa juu ya tope. Hakuna aliyeshuka.

Angalia jinsi sheria ya ndege na sheria ya bahari zilivyofungwa kwa uzi mmoja. Ndege huja mwezi mpevu. Mwezi mpevu huleta bamvua. Bamvua humuumbua mwongo. Mwandishi anapopata fundo la namna hii, ambapo ajabu yenyewe inalazimisha ukweli wa kawaida utokee, ameshapata kitabu. Asipolipata, aendelee kulitafuta kabla ya kuandika sura hata moja, maana haliongezwi baadaye.

Mama wa kambo ana kazi yake. Msomaji wa ngano ameshamhukumu tangu ukurasa wa kwanza, basi mpe ushahidi wa kumhukumu: asubuhi ya 16 anakutwa na gunia la karafuu kavu chini ya kitanda. Kijiji kinapiga kelele. Msichana anatia mkono ndani ya gunia na karafuu zinavunjika kwa sauti kavu. Karafuu mbichi huhitaji siku nne hadi tano za jua zuri, na uzito wake hushuka hadi kama theluthi moja. Za usiku wa jana haziwezi kuwa hizi. Gunia linageuka kuwa shahidi wa mama wa kambo, na swali jipya linazaliwa: kwa nini anaficha? Anaficha kwa sababu anaweka akiba ya mtoto asiye wake, mahali ambapo msimamizi wa mirathi hatafika.

Hapo ndipo nia ya ami inapojitokeza. Kwa miaka amekuwa akitaja mavuno pungufu ya shamba la yatima. Ndege alipokuja kweli, alimpa kisingizio cha kufunika mwaka mzima. Na swali la pili la riwaya, ndege ni nani na kwa nini mti ule, linajibiwa kwa dalili zilezile: karafuu alizozidonoa usiku wa 13 hazikuliwa, zilipelekwa kwenye kapu la mwenyewe. Mti ulipandwa pale kilipozikwa kitovu cha msichana. Ndege alikuwa akimpa mwenye haki fungu lake, na watu wakamwita mwizi.

Makosa yanayoua fumbo la aina hii

Kosa la kwanza ni sheria inayofanya kazi ya mpelelezi. Mwandishi anaona uzuri kuongeza kwamba unyoya ukishikwa na mwongo hugeuka mweusi. Sentensi moja, na kitabu kimekwisha: washike wote, kesi imefungwa. Kila ajabu unayoiongeza, jiulize kama mtoto mwenye akili angeitumia kumaliza kesi katika sura ya tatu. Akiweza, itoe au iwekee mpaka.

La pili ni kubuni shamba bila kulijua. Mwandishi anayeacha karafuu zimeanikwa juu ya majamvi usiku kucha ili mwizi azikute atampoteza msomaji wa Wete papo hapo: jioni karafuu huanuliwa, umande unaziharibu. Ndiyo maana katika mfano wetu wizi uko juu ya mti na si uani. Msomaji anayekubali ndege wa kichawi hakubali jamvi lililosahauliwa. Kadiri ajabu ilivyo kubwa, ndivyo mambo ya kawaida yanavyotakiwa yawe sahihi zaidi: saa ya maji, upepo wa kaskazi au wa kusi, mlango wa nyumba unafunguka upande gani, nani huingia ukumbini na nani huishia barazani.

La tatu ni kufuata ngano hatua kwa hatua. Msomaji akishaitambua, anajua mwisho. Ngano itumike kwa njia moja kati ya tatu, na uamue mapema ni ipi: iwe kiolezo ambacho mkosaji anakiiga ili watu wamlaumu zimwi, iwe kumbukumbu iliyopotoka ya jinai ya zamani, au iwe kitabu cha sheria cha maajabu, kama hapa. Ukitaka njia ya pili, Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, Pemba, pana magofu ya ngome inayohusishwa na mtawala Mkama Ndume. Masimulizi yanasema kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji, mmoja akishuka ngazi na mwengine akitumia ndoo na kamba. Ukuta ndani ya kisima, wanawake wawili wanaosikiana na hawaonani: ushahidi wa sauti bila sura umeshakaa tayari ndani ya kisa.

La nne linahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kwa wasomaji wengi wa hapa majini si ya ngano, ni sehemu ya imani. Kutumia aya za Qurani kama funguo za michezo ya kichawi kunawaudhi watu kwa haki. Kumfanya mzee wa kijijini aonekane mchawi kwa sababu ya upweke wake au macho mekundu kunarudia tuhuma ambazo zimeumiza watu halisi. Ngano ina viumbe vyake vya kutosha: Nunda, zimwi, nyoka wa vichwa saba, paa anayesema, ndege wa usiku. Vitumieni hivyo, na heshima ya dini ibaki mahali pake.

Kijana hawezi kumhoji mzee

Riwaya nyingi za vijana za kigeni humpa mpelelezi wa miaka 15 ulimi mkali: anamkabili mtu mzima, anamwita mwongo usoni. Hapa hilo haliwi, na likiandikwa halisadikiki. Kijana anaamkia, anainamisha kichwa, anatumwa. Waandishi hulalamika kuwa adabu inawafunga, kumbe ndiyo inayowapa milango. Mtoto anayetumwa chumvi anaingia nyumba nne kwa siku. Anaachwa asikie, kwa sababu haonekani kuwa anasikia. Msichana anafika jikoni na vyumba vya ndani, kwenye hina na udi; mvulana anafika barazani na dikoni, pwani vinapoegeshwa vyombo. Mpelelezi mmoja hafiki kote, basi wawe wawili, binti na binamu yake, na kila mmoja awe na nusu asiyoweza kuiona mwenzake. Katika mfano wetu hina ni ya msichana, mtumbwi uliokwama topeni ni wa mvulana. Mpaka wawili hao wakae chini wakasimuliane, jibu halipo.

Kisha inabaki namna ya kumfichua ami. Hapa ndipo yule bibi harusi wa Grimm na ndoto yake anapofaa, maana sisi tuna chombo kilekile na chetu ni kizuri zaidi: usiku wa hadithi. Baada ya isha, watu ukumbini, ami amekaa karibu na mlango.

“Paukwa!” alisema msichana.

“Pakawa!” waliitikia, bibi kwa sauti kuliko wote.

“Alikuwepo Sultani na mtende wake. Ndege akija akila tende, akiacha unyoya. Usiku wa kwanza akaacha mmoja, Sultani akauweka.” Bibi aliutoa wa kwanza sandukuni, akauweka juu ya mkeka. “Usiku wa tatu akaacha mwengine.” Msichana akauweka ule wenye wekundu kando yake. “Na wa pili alipewa waziri autunze, kwa kuwa waziri ndiye mwaminifu. Ami, tuazime wako, hadithi isikatike.”

Hakuna aliyetuhumiwa, na hakuna adabu iliyovunjwa. Ami akisema umepotea, bibi anaangalia vidole vyake, kisha anaangalia shina la unyoya. Hukumu inabaki mikononi mwa wakubwa, inapostahiki kuwa, na ukweli umetoka kwa mdogo kama ngano zetu zinavyopenda. Tukio hili lisizidi kurasa sita. Msimulizi asieleze dalili zote. Ziwekwe mbili mezani, ya tatu, ile ya mtumbwi, aitamke mvulana kwa swali la kitoto kuhusu maji.

Vipimo vya kazini

Maneno 40,000 yanatosha kwa msomaji wa miaka 13 hadi 17. Sura 24 za maneno 1,500 hadi 1,800 zinasomeka vizuri, hata kwa anayesoma sura moja kila usiku. Jinai ya kwanza itokee kabla ya sura ya tatu kwisha. Washukiwa wawe wanne au watano, na mkosaji awe ameonekana na amesema jambo kabla ya sura ya tano. Mkosaji anayeingia sura ya 18 ni udanganyifu. Dalili kubwa zisikae katika aya ya mwanzo wala ya mwisho ya sura, maana hapo jicho huwa kali. Hina tuliitia katikati, ndani ya mazungumzo ya harusi, baina ya mashairi ya taarabu na bei ya vitambaa.

Kabla ya kuandika, chora jedwali la usiku wote unaohusika. Safu ya tarehe ya mwezi mwandamo, safu ya saa ya kujaa na kupwa, safu ya kila mshukiwa alikuwa wapi kweli, na safu ya alichosema. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Ukisogeza tukio kutoka usiku wa 15 kwenda wa 20, saa ya kupwa imehama kwa zaidi ya saa nne na uongo wa ami umegeuka ukweli. Riwaya nyingi za visiwani huharibika kwenye jambo hili, pale mwandishi anapohamisha sura moja kwa ajili ya uzuri wa masimulizi na kusahau kwamba bahari haikuhama nayo.

Rasimu ikimalizika, wape wasomaji sita wa umri unaokusudiwa, wakatie pale kabla ya usiku wa hadithi, na kila mmoja aandike peke yake nani aliiba na amejuaje. Wakimtaja ami wote sita, umeipaka hina nyingi mno, ipunguze. Asipomtaja hata mmoja, rudi kwenye makonyo: pengine umeyataja mara moja tu, au umeyataja kwa msomaji asiyejua karafuu huchumwaje, na inahitajika sura ya awali ambamo msichana anakaa na wanawake jioni akichambua, vidole vikinuka, makonyo yakirundikana upande mmoja na karafuu upande mwengine. Wawili au watatu wakimpata kwa sababu sahihi, na waliobaki wakashangaa kuwa hawakuliona, rasimu iende kwa mhariri.